Mkia wa Kaseti

Nyamalele, Geita
14 Machi 1999

Kwa Bwana Velji, mwenye duka la redio na kaseti, Kahama

Mwadila, nakusalimu. Mimi naitwa Justa, mama yake Thobias. Najua jina hilo hulipendi, na pengine ukiliona tu utaichana barua kabla hujafika chini. Naomba usiichane. Mimi sijui kuandika. Anayeandika ni Loveness, mke wa marehemu mwanangu, naye ameapa kuandika kila nisemacho bila kuongeza chumvi.

Kwanza pole kwa mkeo, Bibi Shirin. Niliambiwa alikuwa amesimama kituo cha mafuta akingoja basi, na lile gari la wageni wa kampuni ya mgodi lilikuwa limeegeshwa hatua chache kutoka pale. Mwanangu ndiye aliyeupeleka mzigo wa baruti. Walikufa watu wanne, naye wa tano. Sikuandikii kusema kwamba hakufanya. Alifanya, na mimi ndiye niliyemzaa.

Ninalo ombi moja. Kaseti yako unayoiita Sauti ya Mgane imefika hapa kijijini. Wanaipiga kilabuni, wanaipiga kwenye mashine ya kusaga, wengine wanaifunga redio kwenye baiskeli wanapita nayo. Unawaambia vijana wasiwasikilize watu wanaowachochea kuua, na hapo mimi na wewe tuko pamoja. Lakini upande wa pili unasema, "Nyumba ya Justa wa Nyamalele ililea nyoka, na majirani wakanyamaza." Majirani wamejisikia wakitajwa, wakaingiwa na hofu. Naomba uitoe nyumba yangu humo. Ni hilo tu. Sisi hapa tunaendelea vizuri.

Ni mimi, Justa (hapa ameweka dole gumba)

Bwana Velji, haya sasa ni yangu, na mama hajui kwamba nayaandika. Hatuendelei vizuri hata kidogo. Baada ya kuisikia kaseti yako, sungusungu, walinzi wa kijiji, waliitisha dagashida, yaani mkutano wao mkubwa wa kijiji, wakatutenga. Hakuna wa kutusalimu wala kutupa moto. Mashine haitusagii. Kisimani tunangoja mpaka wote wameondoka. Atakayetusemesha anatozwa ng'ombe. Mama ana miaka sitini na minane na kifua kinambana. Kwa desturi ya hapa, amri haiondoki mpaka mwenye neno aje mwenyewe kulirudisha neno lake mbele ya dagashida. Mwenye neno ni wewe. Barua hii ataileta Paskazia, muuza dagaa wa Chato. Yeye si wa kijiji hiki, kwa hiyo amri haimhusu. Kila baada ya wiki mbili anapita Kahama, ukitaka kujibu mpe yeye. – Loveness


Kahama
2 Aprili 1999

Mama Justa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu umri wako unanidai hivyo, si kwa sababu moyo wangu umepoa.

Umekisia sawasawa, niliishika barua yako nikitaka kuichana. Ikakaa siku nne chini ya kikokotoo changu. Siku ya tano nikaisoma hadi mwisho.

Shirin alikuwa anatoka Chato kumwona dada yake. Alikuwa na chupa mbili za achari ya ndimu kwenye kikapu, na polisi walipoleta vitu vyake chupa moja ilikuwa nzima. Niambie, chupa ya kioo inaponaje mahali ambapo mtu haponi? Ipo jikoni mpaka leo. Sijaifungua na sijaitupa. Miaka ishirini na sita tulikaa pamoja ndani ya duka hili tukigombana juu ya feni, yeye anaiwasha na mimi naizima. Sasa inazunguka kutwa nzima na hakuna wa kugombana naye.

Unataka kujua kwa nini nimeacha biashara na kuzunguka na kipaza sauti kama mnadi wa mitumba? Nitakwambia. Siku hizi kuna kompyuta zinazoongea zenyewe kwa zenyewe kupitia waya wa simu, wanaita Intaneti. Mtu aliye nchi ya mbali, asiyeijua Geita hata kwenye ramani, anaandika humo kwamba watu fulani wauawe, kwamba damu yao ni halali. Mwanza kuna ofisi ukilipia wanakuchapia karatasi ile. Mwingine anaifasiri, anaisoma kwa Kiswahili cha kubembeleza, anairekodi kwenye kaseti. Kaseti inakwenda machimboni, kwa kuwa huko kompyuta hakuna lakini kila hema lina redio. Baada ya yale mabomu ya Dar es Salaam mwaka jana nilidhani ni mambo ya wakubwa, ya ubalozini huko. Kumbe yalikuwa njiani kuja kwangu. Mimi ni Mwislamu, mama, na wale watu wanaitumia dini yangu kama kanzu ya kuazima. Nikinyamaza mimi atasema nani?

Ombi lako ni gumu. Kaseti karibu elfu mbili zimeshatoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Tena sikusema uongo. Thobias alilelewa kwako.

Loveness, nimesoma na maneno yako. Nasikitika kwa hayo ya kisima. Lakini sheria za sungusungu sikuzitunga mimi.

Alibhai Velji


Nyamalele
25 Aprili 1999

Baba Velji,

Marahaba. Loveness amenisomea barua yako mara tatu, na mara ya tatu alinisomea ile habari ya chupa ya achari peke yake. Usiitupe. Mimi nina viatu vya Thobias vya shimoni, vina tope mpaka leo, na kila nikifagia navizunguka.

Ya kompyuta sikuyaelewa sana. Hapa hata waya wa simu hatuna. Thobias aliishia darasa la tano. Alikuwa fundi wa baruti kwenye mashimo madogo, yule anayetega, anayewasha, na anayekimbia wa mwisho. Ndiyo kazi iliyotujengea nyumba ya bati. Mwaka juzi walifukuzwa shimoni, wakaambiwa eneo lina mwenyewe. Akarudi nyumbani akawa mtu wa kukaa tu, na redio mapajani.

Kaseti alikuwa nayo moja. Ilikuwa ya manju, mwimbaji wetu wa ngoma, aliinunua huko kwenu Kahama alipokwenda kuuza mpunga. Nyimbo nzuri, hata mimi nilikuwa nikipepeta huku nikizifuata. Lakini manju akimaliza, kunakuwa kimya kidogo, halafu anaingia mtu mwingine. Anaongea polepole kama mwalimu mpole. Kwanza anasali. Halafu anasema, "Wewe uliyefukuzwa kwenye ardhi ya baba yako, unangoja nini?" Mwanzoni tulicheka, tukasema manju amekaribisha mgeni. Thobias alikuwa akiinuka na kuizima. Ikafika siku hakuinuka. Akawa anaipeleka mbele, anawaruka manju na nyimbo zake ili amfikie yule. Ndipo wakaja wale watu wawili waliosema wanamjua msemaji.

Mimi nilikuwa hapo na ungo wangu, baba. Neno "zima" ni fupi, lakini sikulisema. Hicho ndicho ninacholia nacho, na wewe ndiye mtu wa kwanza kumwambia, kwa sababu hapa sina wa kumwambia.

Sasa nakuuliza wewe unayezijua kaseti. Yule mtu aliingiaje mle baada ya manju? Nani alimweka?

Justa (dole gumba)

Mama amekohoa tangu mwanzo wa barua hadi mwisho. Tunatwanga mahindi kwenye kinu, na kinu kinamtoa jasho kuliko mgonjwa anavyopaswa kutoka jasho. – L.


Kahama
9 Juni 1999

Mama Justa, shikamoo,

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa safarini. Nimesema na watu Mwadui, nimesema Shinyanga mjini, na mkuu wa wilaya mmoja amenipa mkono mbele ya watu akaniita mfano wa kuigwa. Gazeti la Dar es Salaam limeniandika na picha yangu, ingawa wamenitoa na kitambi kisichokuwa changu. Shirin angecheka wiki nzima.

Nimejifunza pia kuandika barua ya kompyuta. Kijana wa ofisi ile ya Mwanza alinikalisha, nikawaandikia wenye ule ukurasa wa maneno ya kuua. Nikasema: Naitwa Velji, mke wangu ameuawa kwa maneno yenu, yaondoeni. Unajua, mama, barua ile inafika kabla hujainua kidole. Leo ni wiki ya saba na hakuna aliyejibu. Kila nikienda Mwanza nauliza, kijana anatikisa kichwa. Inauma kumwandikia mtu ambaye unajua amepokea, na anakaa kimya.

Katika nakala mpya za Sauti ya Mgane nimelifuta jina lako. Zile za zamani ndizo hizo, siwezi kumkimbilia kila mtu.

Nimempa Paskazia magunia mawili ya unga uliosagwa, sukari, chumvi, kibiriti katoni moja, mafuta ya taa, na kitenge kwa kila mmoja wenu. Sasa hamtahitaji moto wa jirani wala mashine yao.

Lile swali la kaseti ni la kiufundi kidogo. Nitakueleza siku nyingine nikipata nafasi.

Wako,
Alibhai Velji


Nyamalele
1 Julai 1999

Bwana Velji,

Leo naandika mwenyewe, mama amelala. Unga tumepokea, wabeja sana, tunakula. Kitenge mama amekikunja amekiweka, anasema ataenda nacho kanisani siku watakapomruhusu kukaa benchi moja na wenzake. Siku hizi anakaa nje, dirishani.

Unawalalamikia watu wa kompyuta kwa kupokea na kukaa kimya. Mama ana swali lake tangu Aprili. Nilipomsomea barua yako alingoja jibu hadi kwenye saini. Halafu akasema, "Soma tena, labda umeruka." Sikuwa nimeruka. Mimi ndiye nikaona aibu, kana kwamba swali nililiuliza mimi.

Nitakwambia kilichonifanya nichukue kalamu. Paskazia aliponunua betri kwako alinunua na kaseti moja ya ngoma ili apige njiani. Akaniletea hapa. Ina muhuri wa kijani wa duka lako, na ile ya Thobias ilikuwa na muhuri kama huo. Niliisikiliza mpaka mwisho. Nyimbo ziliisha na baada ya hapo palikuwa kimya tu, hakuna mtu. Nikajiuliza kwa nini zamani alikuwepo na sasa hayupo. Mtu hawezi kuondoa kitu asichojua kwamba kipo.

Sijamwambia mama. Nataka unijibu wewe.

Kifua chake kimezidi. Zahanati ni mwendo wa saa tatu kwa miguu na hakuna wa kushika upande wa pili wa machela. Nilijaribu kumbeba mgongoni, tukafika mtoni, akasema nimrudishe. Dagashida nyingine itakaa tarehe 14 Agosti. Wakikaa bila wewe, amri inaendelea mwaka mwingine. Mama hana mwaka mwingine.

Ni mimi,
Loveness


Kahama
20 Julai 1999

Loveness mwanangu,

Barua hii usimsomee mama. Isome wewe, kisha uichome.

Ni mimi niliyemweka.

Duka langu lina mashine ya kurudufu kaseti, inatoa tatu kwa mpigo, mbio mbio. Sauti yake huwa tunaifunga, kwa sababu kwa mwendo ule hata manju analia kama kifaranga. Kwa hiyo mwenye kurudufu hasikii anachorudufu. Na Wasukuma wenzako, nisamehe kwa kusema, hawakubali kupunjwa. Mtu anatembea siku nzima kurudi dukani kuniambia, "Velji, kaseti yako haijajaa, huku mwisho hakuna kitu." Nyimbo za manju hazifiki dakika sitini. Ule uwazi wa mwisho sisi tunauita mkia. Ili nisigombane na wateja nikawa najaza mikia na chochote kilichopo mezani.

Mwaka tisini na saba alikuja mteja mmoja mwungwana, kanzu safi, akataka nakala hamsini za kaseti yake. Niliifungulia sauti dakika mbili tu. Nikasikia sala, tena inasomwa vizuri. Nikasema haya ni mawaidha. Akaniachia kaseti mama, yaani ile ya kunakilia, na mimi nikaona nimepata cha kujazia mikia bila gharama, na thawabu juu. Shirin aliniuliza siku moja, "Umeisikiliza yote?" Nikamwambia mawaidha ni mawaidha. Karibu miaka miwili nilijaza. Sijui zilikuwa ngapi na siwezi kujua zimefika wapi.

Polisi waliponionyesha kaseti iliyokutwa kwenye vitu vya Thobias niliutambua muhuri wangu. Nikaomba niisikilize. Nikakaa chini ya ile feni nikamsikiliza manju mpaka mwisho, na moyoni nikiomba paje kimya. Pakaja yule mtu. Usiku huohuo nikaivunja kaseti mama kwa nyundo.

Na wiki tatu baadaye, nikiyajua yote hayo, ndipo nikarekodi Sauti ya Mgane na kuitaja nyumba yenu. Nilitafuta nyumba ya kulaumu isiyokuwa yangu, yenu ikawa karibu. Mimi ninayezunguka kuwahubiria watu kwamba maneno ya kaseti yanaua, yangu yanamuua mama yako polepole. Naliona hilo. Nimekuwa nikiliona tangu barua yako ya kwanza.

Unaniambia nije mbele ya dagashida. Nikija lazima niseme na hili, maana nikilirudisha neno langu bila kusema kwa nini, wataniuliza. Na nikisema, kesho yake lipo Kahama na keshokutwa lipo gazetini. Watasema Mhindi alifanya biashara ya mauti na sasa anajifanya mhubiri. Nani atanisikiliza tena? Wale watu wa karatasi za kuua watashangilia. Kazi yote itakufa, na ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho cha kumfanyia Shirin.

Nipe njia nyingine. Nitaleta gari hadi mtoni, nimchukue mama, nimlaze hospitali nzuri hapa Kahama kwa gharama yangu. Ukinikubalia nakuja hata kesho. Lakini dagashida, mwanangu, siwezi.

Alibhai


Nyamalele
5 Agosti 1999

Bwana Velji,

Barua yako ya tarehe ishirini nimeipata.

Hospitali mama hataki. Anasema akitoka hapa akiwa ametengwa watasema amekimbia. Anachotaka ni wewe uje tarehe 14 useme. Anasema atakungoja.

Njoo asubuhi, dagashida inaanza saa nne. Gari liache upande wa pili wa mto. Nitakuwa hapo kukupokea. Usilete unga.

Loveness


Kahama
9 Agosti 1999

Loveness,

Nitakuja.

Siku tatu sijalala vizuri, na si kwa ushujaa wowote, ni kwa lile neno kwamba ataningoja. Mimi mwenyewe ningekuwa yeye nisingemngoja mtu kama mimi.

Nimepata dawa ya kifua, vidonge na ya maji. Daktari anasema ameze mara tatu kwa siku baada ya kula, na asitwange. Nitaileta mkononi. Mwambie mama nikimaliza kusema ningependa nimwamkie uso kwa uso, kama ataniruhusu. Kama hataki, nitaelewa.

Alibhai Velji


Nyamalele
23 Agosti 1999

Baba Velji,

Shikamoo. Sijawahi kukuamkia katika barua zangu zote, nimehesabu. Leo nakuamkia.

Nilikudanganya. Mama alifariki tarehe 31 Julai, siku ya Jumamosi, mchana. Uliposimama mbele ya dagashida alikuwa na wiki mbili kaburini.

Nilipoandika kwamba anakungoja, nilijua ninachoandika. Barua yako ilisema ungekuja kwa ajili yake na kwamba unaogopa kwa ajili ya kazi yako. Nikafikiri, nikimwambia amekufa, atalia, atatuma sanda nzuri na sukari ya matanga, na neno litabaki pale lilipo. Watu hawa wangeendelea kuliamini. Na mimi ningebaki mke wa nyoka mpaka nami nife. Kwa hiyo nikamfufua kwa kalamu siku tisa. Ukitaka kunichukia kwa hilo unayo haki.

Ulinikataza nisimsomee barua ya mkia. Nilimsomea yote. Nilishachoka kuwa mtu wa kuchagua nani asikie nini. Hakukutukana. Aliuliza tu, "Huyo Bibi Shirin, alizikwa na watu wangapi?" Nikamwambia Paskazia alisema soko zima la Kahama lilifungwa, Wahindi, Waswahili na Wasukuma, barabara haikupitika. Akasema, "Vizuri. Nilikuwa naogopa alizikwa na watu wachache kwa sababu yetu." Ndiyo maneno yake ya mwisho yenye kueleweka.

Nilipiga yowe. Unajua desturi, yowe likipigwa kila mtu anaacha jembe anakuja mbio. Nilipiga mpaka sauti ikakatika. Niliwaona kwenye mashamba yao wakisimama wima, wakanitazama, kisha wakainama tena kulima. Katekista alikuja jioni hadi kwenye uzio, akasali akiwa amegeukia upande mwingine ili asionekane anatusemesha. Simlaumu, ana ng'ombe mmoja tu.

Paskazia alifika kesho yake na dagaa wake. Akatua tenga, akaomba jembe. Kwetu wanawake hawachimbi kaburi. Tulichimba sisi wawili. Juu ni udongo, chini ni mawe, na huku hakuna tena fundi wa baruti. Tulipofika usawa wa magoti mikono ilikataa. Tukamviringisha katika kile kitenge chako kipya, tukamlaza hapo, tukamfukia, tukabeba mawe ya mtoni kuweka juu fisi wasije wakamfukua.

Sasa nikwambie habari za siku yako, maana wazee walikurudisha garini haraka vijana walipoanza kukurushia kaseti, hukuona yaliyofuata. Ulisema vizuri. Hukujipamba. Uliposema, "Mimi ndiye niliyejaza, na mama Justa hana neno lolote, naomba radhi miguuni pake," uliwaona wote wameinamisha vichwa. Nadhani uliondoka ukifikiri wameguswa na ungamo lako. Waliinama kwa sababu wao walijua yuko wapi na wewe ulikuwa hujui. Mtemi wa sungusungu alinitazama, akangoja niseme. Sikusema. Niliwaacha wakusikilize ukimwombea msamaha na dawa yake mkononi mwako. Hicho ndicho kisasi changu, nililipiza kwao na kwako pamoja, na sasa nimekimaliza sijisikii vizuri kama nilivyotazamia.

Amri waliiondoa palepale. Jua halijatua walikuwa wamejaa uani. Walileta kuni, maziwa, unga, ng'ombe wa matanga. Wanawake walilia kwa sauti kubwa, na najua kilio cha kweli, kilikuwa cha kweli. Kesho yake wanaume kama arobaini walikuja na majembe na nondo. Walikuwa wameliona kaburi. Wakasema ni fupi, ni aibu ya kijiji, wanataka kumtoa wachimbe upya kwa kina kinachostahili.

Nimekataa. Niliwaambia waliache lilivyo.

Dawa uliyoniachia nimempa Paskazia, naye anakohoa. Gazeti sijaliona, lakini nasikia limekuandika, na safari hii si kwa sifa. Pole. Paskazia anasema duka lako limefungwa na watu wanatemea mlango mate, na kwamba wewe ndani unarekodi kaseti nyingine, ya kusema yale uliyoyasema hapa, ili uipeleke kila chimbo ambako ile mikia ilifika. Kama ni kweli, irekodi. Wapo akina Thobias wengine wanaoruka nyimbo ili wamfikie yule mtu, na sidhani watamsikiliza mkuu wa wilaya. Wewe labda watakusikiliza, hata kama ni kwa kukuchukia.

Ukifika kwenye habari za mama, mtaje jina. Usiseme alifariki kwa kifua. Sema yowe lilipigwa, na sema alizikwa na watu wawili.

Ni mimi,
Loveness